Mzee dhaifu ndiye anayeiona timu nzima

Chukua mfano huu. Bibi wa miaka 82 ana presha, na daktari wa kituo anamwandikia amlodipini. Baada ya wiki kadhaa miguu inaanza kuvimba, jambo ambalo dawa hiyo inajulikana kulisababisha. Muuguzi anayemtembelea nyumbani anauona uvimbe na kuuandika kwenye faili. Daktari mwingine, aliyeshika zamu siku hiyo, anasoma alichoandika muuguzi na kuongeza furosemaidi ili maji yatoke mwilini. Maji yanatoka kweli: bibi anashinda chooni asubuhi nzima. Kwa bahati mbaya, mtaalamu wa fiziotherapia amempangia mazoezi saa nne asubuhi, siku mbili kwa wiki, na gari la kumchukua linapita saa tatu. Bibi hayuko tayari kujikojolea ndani ya gari la watu. Siku za mazoezi haimezi ile dawa, na hamwambii mtu. Miguu inavimba zaidi, muuguzi anaandika tena, kipimo kinapandishwa. Usiku mmoja anaamka kwa haraka kwenda chooni, presha inashuka ghafla anaposimama, kizunguzungu kinamshika, anaanguka na kuvunjika nyonga.

Sasa yakague mafaili. Daktari wa kwanza alitibu presha. Muuguzi aliona uvimbe na kuuripoti kwa wakati. Daktari wa zamu alishughulikia dalili iliyokuwa mbele yake. Mtaalamu wa fiziotherapia alifuata ratiba. Hakuna aliyezembea, na kila karatasi ina sahihi yake. Paula Rochon na Jerry Gurwitz, madaktari bingwa wa magonjwa ya wazee, waliueleza mnyororo wa namna hii mwaka 1997: dawa inaleta dhara, dhara linadhaniwa ni ugonjwa mpya, na ugonjwa huo mpya unaandikiwa dawa yake. Kipande cha mwisho, kile cha kuruka dawa siku za mazoezi, hakimo katika faili lolote. Alikijua mtu mmoja tu, na hakuna aliyemuuliza.

Hoja yangu ni hiyo. Tunapozungumzia kuwashirikisha wazee dhaifu katika kuboresha huduma za afya ya msingi zinazotolewa na timu, mjadala huanza na heshima, haki na utu. Hayo yote ni kweli, na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lile la kimataifa kuhusu afya ya msingi, lilikwishasema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Lakini ipo sababu kavu zaidi ambayo haisemwi vya kutosha. Katika timu ya daktari, muuguzi, mfamasia, fiziotherapia na ustawi wa jamii, kila mmoja anakiona kipande chake. Anayepita kwa wote, akabeba ujumbe wa huyu kwenda kwa yule na kugongana na kila pengo lililo katikati yao, ni mgonjwa. Ukitaka kujua timu inafanyaje kazi kwa kweli, mbali na mchoro uliobandikwa ukutani, huna shahidi mwingine.

Nieleze kwanza ni nani ninayemzungumzia, maana si kila mzee ni dhaifu. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walipendekeza dalili 5: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye 3 au zaidi anahesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye 1 au 2 yuko njiani. Nchini Kanada, Kenneth Rockwood na wenzake walikwenda njia nyingine, ya kuhesabu kasoro zilizojilimbikiza: magonjwa, mambo asiyoyaweza tena, hitilafu za vipimo. Njia zote mbili zinaelekea kwenye jambo moja. Mwili umebakiwa na akiba ndogo, kwa hiyo jambo ambalo kwa mwingine lingekuwa usumbufu wa siku mbili, kama vile maambukizi ya njia ya mkojo, dawa mpya au usiku mmoja bila kulala, kwake linaweza kumtoa kwenye kutembea na kumlaza kitandani kwa mwezi mzima. Kosa dogo la timu halibaki dogo kwake. Ndiyo maana makosa ya timu yanaonekana kwake mapema kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Na timu yenyewe imeundwa kwa ajili yake. Kijana mwenye kikohozi hahitaji timu. Mama wa miaka 35 anayechukua dawa za pumu anamhitaji muuguzi mmoja mzuri. Anayehitaji watu 5 wanaozungumza wao kwa wao ni mzee mwenye magonjwa 5. Ajabu ni kwamba mara nyingi timu inapoongezeka, kinachoongezeka kwake ni miadi. Mwaka 2005 Cynthia Boyd na wenzake walifanya zoezi ambalo hadi leo naliona la kuhuzunisha: walimbuni mwanamke wa miaka 79 mwenye kisukari, presha, mifupa iliyopungua uimara, maumivu ya viungo na ugonjwa sugu wa mapafu, kisha wakafuata miongozo ya kitabibu ya kila ugonjwa bila kukosea. Alitoka na dawa 12, gharama ya zaidi ya dola 400 kwa mwezi, na orodha ya masharti ya siku nzima, baadhi yakigongana. Kila mwongozo ulikuwa sahihi peke yake.

Miaka 4 baadaye Carl May, Victor Montori na Frances Mair waliandika kwamba matibabu yenyewe ni kazi, na kwamba huduma inapaswa kupangwa ili iyavuruge maisha ya mgonjwa kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Tukikubali hilo, hakuna namna ya kukwepa kinachofuata: mgonjwa ni mfanyakazi wa timu. Anapanga vidonge, anakumbuka tarehe, anasimulia upya historia yake kwa kila sura mpya, anaamua leo aache lipi kwa sababu yote hayawezekani. Ndiye mfanyakazi mwenye saa nyingi kuliko wote, ila jina lake halimo kwenye orodha ya zamu, na hakuna kikao cha tathmini anachoalikwa.

Utaniambia anaalikwa. Kuna kamati za wagonjwa. Nchini Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2015 mikataba ya vituo vya madaktari wa familia inadai kila kituo kiwe na kikundi cha wagonjwa. Sina ugomvi na vikundi hivyo. Vinafanya kazi halali kuhusu simu zisizopokelewa, mpangilio wa miadi, lugha ya vipeperushi. Lakini fikiria nani anaweza kukaa saa 2 kwenye kiti cha plastiki, jioni, akisikiliza watu 12 wakikatizana maneno, baada ya kusoma kurasa 40 za nyaraka zilizotumwa kwa barua pepe. Ni mstaafu wa juzi, mwenye afya ya kumridhisha, aliyezoea vikao maisha yake yote. Anakuja kwa nia njema na anasema kweli yake. Ila kweli yake ni ya mtu anayefika kituoni mara 2 kwa mwaka. Yule anayefikiwa na timu mara 3 kwa wiki hayupo chumbani, na huduma inaboreshwa kwa kipimo cha mwenye nguvu.

Sherry Arnstein, mchambuzi wa sera wa Marekani, mwaka 1969 aliuchora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi yenye vidato 8, kuanzia kule chini ambako watu wanachezewa tu hadi juu ambako wanaamua wenyewe. Ni mchoro uliosaidia sana, na bado wapo wanaoutaja kwenye kila semina. Shida yangu nao ni kwamba tumejifunza kuuliza "tuko kidato cha ngapi?" tukasahau kuuliza kama mtu tunayemtaka anaweza kupanda ngazi yoyote. Kwa mzee dhaifu, kupewa kura kwenye kikao asichoweza kukihudhuria ni kidato cha juu kabisa kwenye karatasi, na sifuri kwenye maisha.

Njia ya pili iliyozoeleka ni dodoso. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vituo vingi vinapojifariji. Dodoso linauliza: umeridhika na huduma? Mzee anaweka alama ya juu. Meneja anapeleka grafu kwa wakubwa, na kila mtu anakwenda nyumbani na furaha. Lakini mzee huyo ana sababu nyingi za kuweka alama ya juu ambazo hazihusiani na ubora. Anamshukuru muuguzi kwa wema wake, na wema huo ni wa kweli. Anaogopa akilalamika ziara zitapungua. Amekwisha kuamini kwamba kusubiri ni sehemu ya uzee. Au fomu ameijaza binti yake, haraka haraka, akiwa mlangoni. Hakuna uongo hapo. Swali ndilo lililokosewa, kwa sababu linamtaka atoe hukumu wakati alichonacho ni ushahidi.

Muulize badala yake: "Bibi, hebu nisimulie siku ya jana, tangu ulipoamka." Kisha nyamaza. Atakwambia alikaa kitandani hadi saa tatu kwa sababu msaidizi wa kumwogesha huja muda wowote kati ya saa moja na saa nne, na hataki kukutwa katikati ya kuvaa. Atakwambia alichelewa kunywa chai, kwa hiyo dawa inayotakiwa kumezwa baada ya chakula ikaingiliana na nyingine. Alipigiwa simu na mtu wa kituoni asiyemjua, akauliza jambo lilelile aliloulizwa juzi na mwingine, naye akajibu tofauti kidogo kwa sababu juzi hakuwa amevaa shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia. Atakuonyesha karatasi 2 za orodha ya dawa, moja ya hospitali na moja ya kituo, zisizofanana, na kidonge kimoja ambacho ameamua mwenyewe kukikata nusu. Katika dakika 20 umepata makosa 4 ya timu, yote yanaweza kurekebishwa, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye dodoso.

Tunazo tayari zana za kumuuliza mgonjwa mmojammoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma jumuishi kwa wazee, uliotoka mwaka 2017 na kufuatiwa na kitabu cha mwongozo kwa watendaji mwaka 2019, unataka mpango wa huduma ujengwe juu ya malengo ya mzee mwenyewe. Mary Tinetti na wenzake waliyafupisha mambo ya msingi katika tiba ya wazee kuwa matano: akili, mwendo, dawa, magonjwa yaliyofungamana, na yale yaliyo muhimu zaidi kwa mhusika. Kwa hiyo swali la "nini muhimu kwako?" linaulizwa sehemu nyingi. Jibu linakwenda wapi? Linaingia kwenye faili la mtu huyo na kufia humo. Wazee 9 wanaweza kumwambia muuguzi yuleyule, mwezi uleule, kwamba hawajui wampigie nani hali ikibadilika siku ya mapumziko, na mambo 9 yakashughulikiwa kimoja kimoja kwa ukarimu mkubwa, bila mtu kusimama na kusema: hapa hatuna wagonjwa 9 wenye shida, tuna namba ya simu isiyofanya kazi yake.

Kwa hiyo sidhani kwamba dawa ni kuunda kamati nyingine ya wazee dhaifu. Kinachokosekana ni njia ya kulitoa neno kitandani na kulifikisha kwenye meza ya kikao cha timu, likiwa bado na sura ya aliyelisema. Kikao cha timu cha kila wiki kipo. Ziara za nyumbani zipo. Anayekwenda nyumbani anaweza kuuliza swali moja lililokubaliwa wiki hiyo, akaandika jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe bila kulitafsiri kuwa lugha ya kitabibu, na dakika 10 za mwanzo za kikao zikawa za kusoma majibu hayo kwa sauti. Nasisitiza maneno yake mwenyewe. "Mgonjwa hafuati masharti ya dawa" na "siwezi kwenda chooni mara 6 ndani ya gari" ni taarifa ya tukio lilelile. Ya kwanza inamlaumu mzee. Ya pili inaonyesha ratiba iliyokosewa.

Kuna mbinu iliyoendelezwa nchini Uingereza na Paul Bate na Glenn Robert ambayo inakaribia ninachokisema. Wagonjwa wanahojiwa mbele ya kamera kuhusu walichopitia, vipande vinaunganishwa kuwa filamu fupi, wahudumu wanaitazama pamoja na wagonjwa, kisha pande mbili zinakaa kuchagua cha kubadilisha. Uzuri wa filamu kwa mtu dhaifu ni kwamba anasema siku aliyo na nguvu, kwenye kiti chake, na sauti yake inafika kikaoni hata siku ambayo yeye amelazwa. Na wahudumu hawawezi kuikatiza. Najua baadhi ya mameneja watasema hawana fedha za kamera. Simu ya mkononi inatosha, ilimradi mzee ameridhia, anajua nani ataona, na anaweza kubadili mawazo.

Akitaka kuja mwenyewe, aje, ila kikao ndicho kibadilike. Muda upangwe kwa kumuuliza dawa zake zinamruhusu saa ngapi. Kiti kiwe na mikono, maana bila mikono hawezi kusimama bila kuinuliwa mbele za watu. Azungumze mtu mmoja kwa wakati, uso wake ukiwa kwenye mwanga ili anayesoma midomo aone. Agenda iwe na jambo moja. Nauli ilipwe siku hiyohiyo, bila kumwambia ajaze fomu na kusubiri mwisho wa mwezi. Mtu akichoka baada ya dakika 25, kikao chake kimekwisha salama na alichosema kinahesabiwa.

Jambo ambalo wapangaji wa miradi hawapendi kulisema waziwazi ni kwamba wazee dhaifu hulazwa, hudhoofika zaidi, na hufa. Mpango unaotegemea watu walewale 8 wahudhurie kwa miaka 2 utavunjika, na mtu ataandika kwenye ripoti kwamba "ushiriki ulikuwa changamoto". Ushiriki haukuwa changamoto. Mpango uliwekwa kana kwamba wanachama wake ni wa miaka 40. Mwendelezo lazima ubebwe na timu: mfanyakazi mmoja mwenye jukumu hilo kwenye maelezo ya kazi yake, anayejua nani alisema nini na nini kilifanyika. Wazee wanaweza kubadilika. Na majibu yarudi haraka. Ukimwambia mtu wa miaka 88 kwamba pendekezo lake litaingia kwenye mkakati wa miaka 3, umemwambia kwa adabu kwamba litawafaa wengine. Wiki 3 zinatosha kurudi kwake na kusema: ulisema orodha mbili za dawa zinakuchanganya, sasa mfamasia anazipatanisha kabla hujatoka hospitali, hii hapa moja. Au kusema: hili tumeshindwa, na sababu ni hii.

Wapo wanaopinga kwa huruma: tusiwachoshe. Nimesikia hoja hii mara nyingi, na mara nyingi inatoka kwa watu wema. Lakini aliyewahi kumwuliza mzee kama anataka kuchoka kwa ajili hiyo ni nani? Tunamchosha tayari kwa miadi ambayo hakuiomba. Kumkinga asisemeshwe ni kumwamulia. Mwache akatae mwenyewe, na akikataa, asiulizwe tena wiki inayofuata kwa maneno mengine. Wengine wana wasiwasi kuhusu dimenshia, yaani kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Uwezo wa kuamua hauondoki wote kwa siku moja. Mtu anayeshindwa kupima faida na hasara za upasuaji anaweza kabisa kukwambia kwamba anaogopa mtu mpya anapoingia bila kubisha hodi, na hiyo ni habari kuhusu timu yako ambayo hakuna mwenye akili timamu aliyekupa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la ndugu wanaomuuguza. Kwa kawaida ndio wanaozungumza. Daktari anauliza swali akimtazama mzee, jibu linatoka kwa binti, swali la pili daktari anamtazama binti, na kuanzia hapo mzee amekuwa samani. Binti hana kosa. Yeye ndiye anayeamka usiku, na anajua mambo ambayo mzee amesahau au anayaficha. Ila maslahi yao si mamoja. Binti anataka mama asianguke. Mama anataka kutoka nje kila asubuhi, na yuko tayari kulipa kwa hatari fulani ya kuanguka. Timu ikisikiliza upande mmoja itaboresha usalama mpaka mama asiwe na mahali pa kwenda. Wote wawili wasikilizwe, kila mmoja kwa wakati wake na peke yake, na ijulikane nani alisema nini. Kuandika "familia inataka" ni kufuta tofauti ambayo timu ilipaswa kuishughulikia. Tena ndugu naye anastahili kuulizwa kuhusu siku yake mwenyewe, si kama mkalimani tu.

Kuna mpaka ambao lazima tuukubali. Anachosema mzee ni ushahidi wa kinachotokea. Si lazima kiwe jawabu la nini kifanyike. Akisema anakata kidonge nusu kwa sababu nusu inamtosha, amekwambia kweli kuhusu kidonge chake, na mfamasia bado ana kazi ya kumwambia kwamba vidonge vingine havikatwi. Sihitaji wazee 400 waliochaguliwa kwa nasibu ili kuamini kwamba pengo lipo. Watatu wakijikwaa mahali pamoja, natazama hapo. Lakini kwa kugawa bajeti ya mwaka, watatu hawatoshi. Wanaochanganya mambo haya mawili hupata sababu ya kutowasikiliza kabisa, au hufuata neno la mmoja na kuiharibu huduma ya wengine.

Kompyuta, kwa upande wake, imekuwa hodari wa kuwatafuta watu hawa. Nchini Uingereza mkataba wa mwaka 2017 uliwataka madaktari wa familia kuwatambua wagonjwa wa miaka 65 na zaidi wenye udhaifu wa wastani na mkubwa, na kipo kipimo cha kielektroniki kinachosoma rekodi na kuhesabu kasoro 36. Ni kazi nzuri. Inaleta pia hali ya ajabu kidogo, ambapo mfumo mzima unajua kwamba fulani ni dhaifu kabla yeye mwenyewe hajaambiwa, na huenda hakubali. Wengi hawajioni hivyo, na barua inayoanza kwa kuwaita dhaifu hutupwa. Mwalike kwa kile anachokijua, yaani namna huduma zinavyomfikia nyumbani, uone kama hatakuja.

Timu ndogo husaidia. Buurtzorg, shirika la wauguzi wa nyumbani lililoanzishwa Uholanzi na Jos de Blok mwaka 2006, linajulikana kwa vikundi visivyozidi wauguzi 12 vinavyojipangia kazi zao vyenyewe, na mgonjwa anakutana na sura chache. Ambapo mtu anayesikia lalamiko ndiye huyohuyo mwenye uwezo wa kubadilisha ratiba ya kesho, ushirikishwaji hauhitaji jina kubwa. Ambapo ratiba inapangwa na ofisi iliyo mbali, unaweza kukusanya maneno mazuri ya wazee mwaka mzima na yasipate pa kutua. Kabla ya kuwauliza, basi, timu ijiulize ni uamuzi gani hasa iko tayari kuuachia: mpangilio wa saa za ziara, sura ya orodha ya dawa, nani awe mtu wa kupigiwa simu. Mmoja tu unatosha kuanza, ilimradi ni wa kweli.

Limebaki jambo ambalo sioni likijibiwa vizuri mahali popote: nani amuulize mzee? Muuguzi anayemfahamu ndiye atakayeambiwa kuhusu kidonge kilichokatwa, kwa sababu ana imani naye. Muuguzi huyohuyo ndiye hataambiwa kwamba anapomgeuza kitandani anamuumiza, au kwamba msaidizi wa Jumamosi ana mkono mzito na ulimi mkali, kwa sababu kesho asubuhi ndiye tena anayeshika sifongo. Mtegemezi hamlalamikii anayemtegemea, na dhamana ya siri iliyoandikwa kwenye fomu haibadilishi hilo. Mimi ningegawa kazi. Mambo ya mwendo wa siku, dawa, simu na ratiba, aulize anayemzoea. Mambo ya namna anavyotendewa, aulize mtu asiyemhudumia wala asiye chini ya meneja yuleyule, aje mara chache, na alichoambiwa akifikishe bila jina, pamoja na vya wengine, ili mzee asitambulike. Gharama itaongezeka kidogo, na wauguzi wengine hawatafurahi mgeni akitumwa kuwauliza wagonjwa wao. Wapewe nafasi ya kulisema hilo waziwazi kikaoni, na mgeni aendelee na ziara zake.